Chemshabongo ya Mwalimu Ndinda

Mwalimu Ndinda alistaafu miaka sita iliyopita, lakini hadi leo akikusalimia unajiangalia kama umechomekea shati. Kila Alhamisi huja kwenye duka langu la fotokopi hapa Malili na karatasi yenye miraba aliyoichora kwa rula. Ni chemshabongo ya kanisa letu. Mimi naichapa, natoa nakala themanini, na Jumapili watu wanaijaza wakijifanya wanaandika mahubiri.

Alhamisi hiyo nilisoma nikashtuka. Tatu kulia: Zakayo aliahidi kurudisha mara ngapi? Tano chini: kifaa cha kuazima kilichozama mtoni siku za Elisha. Saba kulia: kukopa harusi, kulipa nini?

"Mwalimu," nikamwambia, "hii si chemshabongo. Hii ni kesi."

"Chapa, Muthoki."

Mshtakiwa nilimjua. Miaka miwili iliyopita Bilha, yaani Mama Sandra, jirani ya Mwalimu, aliazima sufuria kubwa ya Mwalimu, ile ya kupikia watu mia, kwa harusi ya Sandra. Haikurudi. Mbaya zaidi, Bilha mwenyewe akaanza kupotea. Na hawa wawili walikuwa chanda na pete tangu Bilha na mumewe Githaiga wahamie hapa kutoka Nyeri! Sasa Bilha akimwona Mwalimu sokoni, anakata kona.

"Sufuria naweza kununua," Mwalimu aliniambia. "Lakini mbona ananikimbia? Nimemkosea nini? Namkosa sana, Muthoki."

Nikachapa. Ningefanya nini?

Woi! Jumapili hiyo hakuna aliyelala ibadani. Kufikia Jumanne, uwanja wa Mwalimu ulikuwa kama siku ya soko. Gedion alileta ngazi. Kisilu akaleta jembe ambalo Mwalimu alikuwa ameshasahau. Mzee wa kanisa Muindi akaja akisukuma wilbaro, eti "ilikuwa imepumzika kwangu kidogo," halafu akauliza kwa sauti ya chini kama jina lake litatangazwa. Mtu mwingine alirusha vitabu vitatu vya nyimbo juu ya ua akatoroka. Mimi nilipeleka mwavuli. Msiniulize.

Bilha hakuja. Kila hodi ikipigwa, Mwalimu aliinuka mbio, kisha akarudi kukaa polepole, na mimi nikazidi kumkasirikia huyo mama. Kwani sufuria ni nini?

Jumatano saa kumi na moja jioni tukamwona langoni, sufuria kichwani, imesuguliwa mpaka inang'aa. Akaitua chini. Ilikuwa tupu. Akaanza kulia.

"Mwalimu, nimeona namba saba. Mwenye harusi ni mimi."

"Miaka miwili, Mama Sandra?"

"Si wewe ulinifundisha nilipofika hapa? Ulisema chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Nikasema nitakileta na ndengu. Mvua ikakataa. Nikasema basi, msimu ujao. Ikakataa tena. Nikikuona naona aibu, nageuka. Leo nimeileta hivyo hivyo. Nisamehe."

Mimi, na huu mdomo wangu wote, niliona haya kwa yote niliyomsema moyoni, na kwa kuichapa ile namba saba.

Mwalimu alibeba sufuria akaingia nayo jikoni, tukasikia mahindi yakimwagika ndani. Akatoka nayo akiyumba kwa uzito, akaitua miguuni pa Bilha.

"Ngai, Mungu wangu! Mwalimu, sasa hii nitairudisha na nini?"

"Sufuria kaa nayo," Mwalimu akasema, akijifuta macho kwa leso. "Wewe ndiye urudi. Kesho saa kumi, chai. Na ole wako uje umebeba kitu."