Mama wa Ghalani Anachagua Gemu

Kach! Bado naisikia punje ya mahindi ikivunjika menoni mwa yule mama anayekagua mahindi ghalani, huku wakulima wa Milepa wamenyamaza kwenye foleni wakisubiri aseme yamekauka au warudi kuyaanika. Basi ndivyo alivyokuja dukani kwa Jastin, fundi simu, kuchagua gemu ya mkononi, zile zenye michezo ya zamani. Alikuwa na koti zito, kitenge juu yake, na vumbi la mahindi kwenye nyusi. Ya kwanza aliitikisa sikioni, akainusa. Ya pili akaing'ata pembeni, taratibu, akitazama dari kama kawaida yake.

“Mama, hiyo hailiwi!” Jastin akaruka. “Ina michezo elfu kumi.”

“Ipunguze. Mimi nataka ule wa vifaru vya vita tu.”

Wateja waliosubiri simu zao mbovu zitengenezwe wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama imekauka.

“Wewe mwaka jana uliniletea mahindi yenye mchanga, nyamaza,” akamjibu bila kugeuka.

Kisha akauficha mkono wa kulia ndani ya koti, akabonyeza vitufe kwa wa kushoto peke yake, amekunja uso. Mume wake amepooza upande wa kulia tangu Kwaresima. Zamani walicheza vifaru kwenye televisheni kila Jumapili baada ya misa, na mume ndiye aliyeshinda, akatamba hadi kwa majirani. Ya tatu vitufe vyake vilikuwa laini. Akaishika kifuani, akainama juu ya kaunta, akauliza kwa sauti ndogo kabisa:

“Mwanangu, tukipokezana, hakuna namna ya mimi kushindwa makusudi bila mume wangu kujua?”