Spika Si Betri

Fundi aliyenifungia spika mpya za gari hapa Kitengela alikuwa na maringo ya mtu ambaye hajawahi kurudiwa na mteja mwenye lalamiko. Labda namwonea. Shule niliiacha mapema, na umeme siujui. Lakini macho niko nayo. Niliona waya zinakuja mbili mbili, mmoja uko na mstari, na nyuma ya spika kuna chuma kipana na chuma chembamba.

"Huu wa mstari si unaenda kwa kile kipana?" nikauliza.

Alicheka mpaka bisibisi ikamwanguka. "Bosi, hii ni spika, si betri. Waya ni waya. Ikilia, imelia."

Na kusema haki, zililia. Zile kubwa alizikaza vizuri milangoni, mlango wa kushoto uliokuwa ukigongagonga ukanyamaza, na vile vidogo vya sauti nyembamba akavibandika karibu na vioo kama vimezaliwa hapo. Nikajiambia mjuaji ni mimi.

Jumamosi nikampeleka baba mkwe kwake Mashuuru. Mzee alikaa mbele kando yangu, mke wangu nyuma, amejikunyata. Kwaya yao ilikuwa imerekodi wimbo, na yeye ndiye anauongoza. Baba yake, ambaye siku zote husema kuimba ni kazi ya wavivu, alikuwa amekubali kuusikiza. Mara moja tu, alisema.

Nikauweka. Kinanda kikaja, makofi yakaja. Besi, hakuna. Sauti ya mke wangu ilikuwa mbali, kama mtu anayeongea ndani ya tangi la maji.

"Na wewe ulikuwa wapi?" mzee akamuuliza. "Ulitumwa maji?"

"Ni mimi huyo, baba."

"Huyo? Huyo ni mgonjwa."

Mke wangu akageukia dirisha. Nikasimamisha gari kando ya barabara, nikampigia fundi. "Ule mstari uliufuata pande zote mbili?"

"Zinalia ama hazilii?"

"Zinalia."

"Sasa shida ni gani, bosi?" Akakata. Mjinga kamili! Ingawa pengine swali nililiuliza vibaya.

Nikajaribu upande mmoja mmoja. Kulia peke yake, sawa. Kushoto peke yake, sawa. Zikilia pamoja, mke wangu anapotea. Labda upande mmoja ule wa mstari ulienda kwa chuma chembamba, na sasa pande mbili zinauana sauti. Basi nikazima upande wangu, nikauachia wa mzee, nikaanza wimbo upya bila kumwomba ruhusa.

Mke wangu akatokea, mzima, kwenye spika ya mlango wa mzee. Mzee akainama, sikio likakaribia goti, na hakuinuka mpaka wimbo ukaisha.

"Rudisha pale mwanzo," akasema.