Kabla Nyumba Haijaandikwa

Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini jioni.

Nimekaa uani hapa Kibaha na Bibi, mama yake mama. Amekuja kutoka Kurui kwa sababu kesho ndugu wa baba wanafika kufanya kikao. Arobaini ya baba imepita, sasa wanachagua msimamizi wa mirathi. Mama na baba waliachana nikiwa darasa la sita. Baba akarudi kwao Mzenga, sisi tukabaki humu, lakini nyumba iko kwa jina la baba. Mama kasema hatahudhuria. Atapika tu, maana yeye ni mtalaka na hataki aonekane ana tamaa.

Mimi naogopa tutaambiwa tuhame. Nilipomwambia Bibi, aliacha kuchambua kisamvu. Naandika alivyosema, ili nisisahau.

“Nakumbuka siku moja, mwanangu, mama yako bado nambeba mgongoni. Babu yako alikuwa kanipa talaka, halafu akafariki kule Magindu. Nilikwenda msibani, nikakaa nyuma kabisa, walipoanza mambo ya mali nikachukua khanga yangu niondoke. Nilijiona nina adabu kweli! Shangazi yake marehemu, bibi mmoja mfupi, mkali, akanifuata hadi njiani.

‘We Mwanahawa, unakwenda wapi?’

‘Kwetu, shangazi. Mimi si mke tena.’

‘Nani kakuuliza habari za ndoa? Nakuuliza nyumba. Ule udongo aliukandika nani, jini?’

Nikacheka huku machozi yananitoka. Akaniambia, ‘Urithi kwa mwanangu huna, hilo kweli. Lakini wakigawa nyumba nzima, watagawa na yako humo humo. Rudi ukaseme.’ Nikarudi. Nikasema, mwanangu, na majirani wakanitolea ushahidi. Nikapewa vyumba viwili, na mama yako kakulia humo.”

Mama akasikika kutoka jikoni: “Mama, usimfundishe mtoto kugombania mali za marehemu!”

“Sisemi na wewe,” Bibi akamjibu. “Nasema na mwenye masikio.”

Kisha akanigeukia. Mimi hata darasani nikijua jibu huwa najikuna kichwa tu mpaka mwingine aseme, na Bibi anajua.

“Mwanangu, kesho usimtukane mtu, wala usilie ili uonewe huruma. Sema ulichokiona kwa macho yako. Cha mama yako kitolewe kwanza, kinachobaki cha baba yako ndiyo mirathi, na humo wewe umo. Na useme mapema, kabla hawajaandika muhtasari wa kupeleka mahakamani. Kurekebisha baadaye kunawezekana, ila mtazeekea kwenye foleni. Mungu akulegeze ulimi, akupe kauli ya upole, na awape wanaokusikiliza moyo wa kusikia.”

Nikaitikia amina. Sikumwahidi kitu.

Jumapili asubuhi.

Walifika mapema, wakajaa sebuleni. Baba Mkubwa, kaka yake baba, akamwambia kijana wa kuandika: “Andika, nyumba moja Kibaha, mali ya marehemu.”

Nikasimama. “Shikamooni. Naomba… naomba msiandike kwanza.”

“Sauti, mwanangu, umemeza nini?” Shangazi, dada yake baba, akasema, watu wakacheka kidogo.

Nikarudia. Nikasema matofali ya nyumba hii mama na baba waliyafyatua pamoja hapo uani, mimi nikiwaletea maji kwa kidumu. Nikasema mama alihamia humu bati halijamalizika kupigwa, na naomba naye asikilizwe. 

 Baba Mkubwa akasema, “Ni kweli. Mimi mwenyewe nilikuja nikawakuta wote wawili wamejaa saruji.” Akamwambia kijana aweke kalamu chini, akaita kwa nguvu, “Shemeji! Acha hayo masufuria, njoo huku tuongee.”

Mama akatoka akifuta mikono. Akasimama mlangoni, hajui akae wapi.

Nikasogea, nikampa nafasi kwenye mkeka.