Kikombe cha Majani ya Mpapai

Thilini alimshuku mama mkwe wake, Nandawathi, tangu siku alipoolewa Gampaha, na shaka hula chochote ikutacho. Mimba ilipofika mwezi wa tatu, Nandawathi alimpokonya kipande cha papai mkononi: papai huharibu mimba, kila mtu anajua. Mwezi wa tisa wa mimba, mvua za Mei zikiwa zimejaza maji kila kifuu, Thilini akashikwa na homa na maumivu nyuma ya macho. Mama mkwe yule yule akaja na kikombe cha majani mabichi ya mpapai yaliyotwangwa.

"Kunywa, binti. Hiyo ni dengue, homa ya mbu. Hii inapandisha damu."

"Papai si linatoa mimba, mama?"

"Tunda ndilo linalotoa. Jani ni dawa."

Jibu lilikuja upesi mno. Thilini alimkumbuka mnajimu aliyesema mtoto huyu atamlemea baba yake, na jinsi Nandawathi alivyonuna siku nzima. Mume yuko Doha, angemuuliza nani? Akamwaga dawa dirishani, akasema amepona. Siku tatu aliificha homa, akijipaka poda asije akaletewa kikombe kingine. Akili nyingi huondoa maarifa.

Uchungu ulipomshika, wauguzi hospitalini walimuuliza homa ilianza lini.

"Jana jioni," akajibu, maana mama mkwe alisimama ubavuni.

Msichana alizaliwa mzima, sauti ya kupasua paa. Siku ya nne akachemka, akakataa ziwa, vidoa vyekundu vikamtoka miguuni. Daktari akaja na karatasi za vipimo.

"Mama akiugua karibu na kujifungua, anaweza kumwambukiza mtoto. Sasa nataka ukweli. Uliugua siku ngapi kabla ya kuzaa?"

Thilini alitazama shuka.

"Tatu, daktari," alisema Nandawathi. "Poda niliiona. Nilimsikia akidanganya, nikanyamaza. Aliyemtia hofu ni mimi. Niandike mimi."

Daktari aliandika siku tu, akampeleka mtoto kwenye uangalizi. Kuhusu majani, alisema hayakuwa dawa. Dawa ilikuwa kuja hospitalini siku ya kwanza ya homa.

Wakabaki wawili.

"Kwa nini uliniletea, mama?"

"Mtoto wangu wa kwanza aliondoka kwa homa kama hii, akiwa bado tumboni mwangu. Sikujua kingine cha kufanya."

Siku ya tisa mtoto alinyonya tena. Thilini alimpakata, akauliza taratibu yule wa kwanza aliitwa nani.

"Hatukumpa jina," Nandawathi alisema, akavuta kiti karibu na kitanda.