Gari Lisilo na Paa

Siku za matanga ya mume wangu, kijana mmoja wa ukoo aliniuliza kwa nini mtu aliyejua kuendesha gari vizuri vile alikwenda kwa miguu maisha yake yote. Sikumjibu, kwa sababu wageni walikuwa wanakula. Najibu hapa.

Kabla ya uhuru mume wangu aliosha magari katika garaji ya mzungu mmoja aliyeuza magari ya mbio kutoka Ulaya, ya watu wenye mali. Patroni huyo, yaani bosi wake, alimfundisha kuendesha ili awatembeze wateja. Magari yenye paa la chuma yaliuzwa. Moja la wazi, rangi ya maziwa, lenye viti viwili na turubai la kukunjwa, lilibaki palepale. Wazungu walilizunguka, wakalishika, wakanunua jingine. Patroni alilaumu mvua. Kweli mvua ya kwetu haimsubiri mtu. Kabla hujamaliza kuvuta turubai, viti vimekwisha kulowa.

Uhuru ulipokuja, patroni aliondoka kama wenzake. Alimwachia mume wangu ufunguo wa lile gari, akamwambia alitafutie mtu wa kulinunua. Garaji ikafungwa, gari likaja kukaa uani kwetu Kabondo, mtaa wa Kisangani. Tangu siku hiyo sikupata raha. Ilikuwa mali ya mzungu, na mji ulikuwa umechafuka. Kundi la vijana likipita likiimba, nilitega sikio kama miguu yao inapunguza mwendo mbele ya nyumba yetu.

"Uza hii kitu, papa," nilimwambia mume wangu. "Toa hata bure."

"Nani atakubali?" alinijibu. "Kila mutu anacheka tu."

Mfanyabiashara mmoja wa Maniema alikuja, akauliza bibi yake atakaa wapi soko lote lisimwone. Mwenye kuuza samaki wa kukausha aliuliza vikapu vitaingia wapi. Mwishowe alikuja karani mmoja ambaye wazungu walipoondoka alipewa ofisi kubwa. Huyo alilitaka kabisa. Alilichukua asubuhi kulijaribu, na kabla jua halijawa kali alikuwa amelirudisha, shati limemganda mgongoni.

"Bon, gari iko muzuri," alisema. "Lakini hapana."

"Imekosa nini, patroni?"

"Nimesalimia watu toka posta mpaka hapa. Mukono inaniuma! Kila mutu ananiona, kila mutu anangojea nimusalimie. Alors, nafika karibu na soko, nakuta mama mukwe wangu amesimama na kapu yake. Viti viwili! Nimukalishe wapi? Hapa kando yangu, bega kwa bega?"

Mume wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Kwetu mwanaume hakai bega kwa bega na mama mkwe wake, na pia hawezi kumpita njiani kana kwamba ni mti.

"Ulifanya nini sasa?"

"Nilishuka. Nikamukalisha yeye peke yake, mimi nikasukuma gari kwa mukono mpaka kwake. Cheka tu! Ingekuwa na paa na kioo, ningepita kama sikumuona."

Mimi sikucheka. Niliona mteja wa mwisho anakwenda zake na gari limebaki.

Halafu uasi dhidi ya serikali ulifika Kisangani. Wapiganaji walikusanya magari nyumba kwa nyumba, na letu halikuwa la kufichika. Mkubwa wao mmoja, kijana bado, alikaa ndani yake akanyoosha miguu. Huyo ndiye mtu wa kwanza aliyelipenda, na alilipenda kwa sababu ileile iliyowashinda wengine: alitaka watu wamwone. Aliuliza nani anajua kuliendesha. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mume wangu. Alijibu ukweli.

Kila asubuhi walimchukua. Alimpitisha yule mkubwa sokoni, posta, mpaka barabara ya Bangboka nje ya mji, na kurudi. Turubai lilikunjwa hata manyunyu yakianguka. Na mume wangu, akiwa kwenye usukani, aliendelea kusalimia. Alimwinulia mkono papa fundi viatu, akamwinulia mama muuza kwanga, ile mikate ya muhogo, wa kona yetu, kila mtu aliyemfahamu.

"Acha kusalimia watu," nilimwomba. "Tazama mbele tu."

"Nimupite mutu mukubwa bila kumusalimia? Atasema nimekuwa mwasi kweli."

"Na ukimusalimia atasema nini?"

Alichukua ufunguo akatoka. Nilisimama mlangoni nikiona wanavyomwitikia. Waliinua mikono juu kabisa, kwa sababu yule mkubwa naye aliwatazama. Nilijua siku moja wataulizwa ni nani aliyekuwa akiendesha lile gari la wazi. Dereva wa gari lililofungwa, nani angemkumbuka sura? Wa kwangu mji mzima ulimjua mpaka shati.

Askari wa serikali walipourudisha mji mikononi mwao, gari lilikutwa limeachwa karibu na mto. Baadaye walikuja Kabondo kumtafuta aliyekuwa akiliendesha. Walimtoa mume wangu nyumbani, wakamkalisha chini kando ya njia pamoja na wanaume wawili nisiowajua. Kila aliyepita alisimamishwa.

"Nani ayebi moto oyo?" askari aliuliza kwa Lingala: nani anamjua mtu huyu?

Papa fundi viatu alitazama miguu yake, akasema macho yake ni mabovu. Wakamwacha apite. Akaja mama wa kwanga na beseni kichwani. Asubuhi zote zile alikuwa ameinua mkono wake, na watu walimwona akiuinua. Angesema anamjua dereva, angeulizwa amemjulia wapi.

"Namujua," alisema. "Anaosha magari."

"Anaendesha?"

"Miye nauza kwanga, mwanangu. Nimesema anaosha. Muangalie mikono."

Askari aliishika mikono ya mume wangu, akaigeuza. Vidole vilikuwa vimechunika kwa miaka ya sabuni na petroli. Akamsukuma kwa goti, akamwambia aende.

Nilitaka kumshukuru yule mama, lakini alikwisha kupita na hakugeuka. Wale wawili walibaki wamekaa. Mmoja wao alinitazama, kana kwamba na mimi ningeweza kusema yeye anafanya kazi gani. Sikumjua. Watu waliendelea kupita, na hakuna aliyesema kitu juu yao.

Mume wangu alitembea mbele, mikono ameibana mbavuni; haikushika usukani tena maisha yake yote. Tulipokata kona aliniambia niongeze mwendo, nisitazame nyuma. Niliongeza mwendo.