Pomboo wa Nne

TANGAZO RASMI. Wananchi wote, wa nchi kavu na wa majini, wenye miguu na wenye mapezi, mnaarifiwa kwamba miongoni mwetu anaishi shujaa. Kwa miaka ishirini na sita amekuwa akikata maini ya wanyama wa baharini kwa kisu cha plastiki ili sisi wengine tujue tunakula nini. Simameni. Wenye kofia, vueni. Anayetafuna kitu ameze kwanza, au bora zaidi asimeze mpaka amalize kusoma.

Kazini, kwenye maabara ya uvuvi, wanamwita Mama Maini. Jina hilo halimsumbui, maana kabla ya hapo walikuwa wakimwita Harufu.

Kila asubuhi anafika, anavua pete ya ndoa, anaitia kwenye kopo dogo la dawa ya macho, ananawa uso mpaka poda yote itoke, kisha ndipo anavaa gauni jeupe. Pete ina madini. Poda ina madini. Ukijipaka wanja ukapiga chafya juu ya sampuli, anasema, utaandika kwenye ripoti kwamba nyangumi alikufa kwa urembo. Mume wake, fundi cherehani, huwaambia wateja kwamba ameoa mwanamke wa ajabu: anakwenda kazini amechujuka, anarudi nyumbani amejipamba.

Kazi yenyewe haina siri. Kasa, ndege wa pwani, pomboo, chochote kinachokufa ufukweni kinaletwa kwake. Ndege anawapima manyoya kutafuta madini ya risasi. Pomboo anawapima ini kutafuta zebaki. Samaki mdogo hula vijidudu vyenye zebaki kidogo, samaki mkubwa hula wadogo mia, naye pomboo anawala hao wakubwa kila siku kwa miaka mingi, na zebaki ikishaingia mwilini haina nauli ya kurudi. Mama Maini anakata, anapima uzito, anayeyusha kwa asidi, anasoma namba. Namba anaiandika. Haiongezi chumvi.

Mwaka ule pomboo watatu walikufa kwenye mdomo wa mto ndani ya miezi miwili. Juu ya mto huo kuna kiwanda. Kiwanda hicho ndicho kilichotoa msaada wa viti vya ukumbi wa ofisi yao, viti vizuri kabisa, vya kuzunguka, kiasi kwamba mikutano iliongezeka.

Na sasa lazima nieleze habari ya friza.

Friza la maabara lilikuwa la sampuli, kwa mujibu wa bango lililobandikwa mlangoni. Kwa mujibu wa tumbo, lilikuwa la kila mtu. Wafanyakazi waliweka humo kuku, mboga, barafu ya juisi. Mkurugenzi naye aliweka maini ya ng'ombe. Binti yake alikuwa na mimba ya miezi saba, damu iko chini, daktari amesema ale maini, na friji ya nyumbani kwake ilikuwa imejaa soda za wageni. Tatizo ni kwamba kilo ya kwanza iliibwa, na ya pili ikaibwa. Kwa hiyo kilo ya tatu Mkurugenzi aliibandika karatasi yenye maandishi makubwa: POMBOO WA NNE. SUMU. USIGUSE.

Ujanja mtupu. Pomboo walikuwa watatu. Kila mtu pale alijua kwamba wa nne ni ng'ombe, ila hakuna aliyethubutu kumla ng'ombe wa bosi mwenye jina la pomboo. Mkurugenzi alikuwa akimtuma dereva wake: "Nenda kachukue pomboo wa nne upeleke nyumbani," nao wote wanacheka kwa adabu.

Jumanne Mkurugenzi akaenda semina. Jumatano bahari ikamtupa ufukweni pomboo wa nne wa kweli.

Mama Maini alimfanyia kazi yake. Alitoa ini, akaligawa, akalifunga mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, kama afanyavyo siku zote. Kwenye kubandika karatasi ndipo akasita. Mwenzake wa meza ya pili akamwambia, "Mpe tano, yaishe."

"Wa tano yuko wapi?"

"Dada, si unajua mambo ya Mzee na ini lake."

"Siwezi kuruka namba kwa ajili ya ng'ombe," akasema, akaandika POMBOO WA NNE, tarehe, saa na uzito.

Alikuwa na haki. Kumbuka hilo, kwa sababu haki yake ndiyo iliyokaribia kuua.

Ijumaa Mkurugenzi alirudi, na saa tano akamwita ofisini. Mezani palikuwa na ripoti ya wale pomboo watatu.

"Mama, kaa."

"Ahsante, Mzee. Gauni langu lina damu, nitasimama."

"Hapa kwa huyu wa tatu umeandika arobaini na moja. Arobaini na moja nini?"

"Miligramu kwa kilo. Kikomo cha samaki wa kuliwa ni nusu. Na wale samaki wakubwa wa mdomoni mwa mto niliowapima wana mbili."

"Haiwezi kuwa nne nukta moja?"

"Inaweza, ukinipatia pomboo mwingine."

Mkurugenzi hakucheka. Saa sita, alisema, waandishi wa habari wanakuja ukumbini, na watu wa kiwanda wako hapo hapo. Akasukuma karatasi aliyoiandaa mwenyewe. Ilisema sampuli zilichafuliwa maabarani kwa uzembe wa mpimaji, na kwamba mlaji hayumo hatarini hata kidogo. Chini palikuwa na mstari wa sahihi ya mpimaji.

"Mzembe ndiye mimi?"

"Ni lugha ya kiofisi tu, mama. Umebakiza miezi minane ustaafu. Miezi minane inaweza kuwa mifupi, inaweza kuwa mirefu sana. Ukipenda, inaweza isiwepo."

Ningependa kukuambia kwamba shujaa wetu aliirarua karatasi ile. Aliisoma mara mbili, akauliza kama kalamu inaandika, akasaini. Kisha akarudi maabara na kunawa mikono, ingawa haikuwa michafu.

Saa sita na robo alifungua friza achukue sehemu ya kumpima yule wa nne. Huenda alitaka tu namba moja ya kweli siku hiyo. Mfuko ulikuwepo na maandishi yalikuwepo, lakini haukuwa mfuko wake. Ulikuwa mmoja, umefungwa fundo la kivivu, na ndani kulikuwa na karatasi ya bucha.

Akapekua juu. Akapekua chini, nyuma ya kuku. Wake haupo.

Akampigia dereva.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Njiani narudi, mama. Nilitumwa nyumbani kwa Mzee, nimetoka pale robo saa iliyopita."

"Umepeleka nini?"

"Pomboo wa nne," akasema dereva na kucheka. "Nimechukua la juu."

"Mfuko mmoja au miwili?"

"Miwili. Nikasema leo Mzee kafunga kistaarabu."

Mama Maini akakaa chini, sakafuni, bila kuchagua mahali.

"Amelipokea nani?"

"Binti mwenyewe. Kitunguu mkononi. Anasema ana njaa, analitia kwenye maji ya moto liyeyuke upesi. Kwani vipi?"

"Geuza gari."

"Mama, nimekwama. Mbele lori, nyuma lori."

"Basi mpigie simu!"

"Namba sina. Mimi pale napiga honi tu getini."

Dereva alikuwa ameondoka pale nyumbani dakika kumi na tano zilizopita. Kuyeyusha, dakika ishirini. Kukaanga, kumi. Mama Maini hupiga hesabu hata akilia, na hesabu ilikuwa imeshamjibu. Akakimbia.

Mlangoni mwa ukumbi dada wa itifaki alinyoosha mkono. "Mama, na hilo gauni? Kuna kamera humo." Mama Maini akapita chini ya mkono wake. Jukwaani Mkurugenzi alikuwa amefika mahali patamu. "Nasema mbele yenu," alisema, "mimi ni mzazi. Ningekuwa na shaka hata chembe, je, ningemlisha mwanangu?"

Akahisi mtu begani. Akafunika maikrofoni kwa kiganja, akitabasamu bado.

"Mzee, mpigie binti yako. Ini lililokwenda nyumbani si la ng'ombe."

"Pomboo wa nne ni wangu."

"Kuna wa nne wa kweli. Alikuja Jumatano."

"Kwa nini hukumpa tano?"

"Kwa sababu ni wa nne! Piga simu."

Tabasamu la Mkurugenzi lilibaki pale pale, macho ndiyo yaliyobadilika. Alikuwa mtu wa vita vya ofisi, na alichokiona mbele yake ni mfanyakazi mwenye kinyongo aliyekuja kumharibia mkutano. "Mama," alinong'ona, "saa tano umesaini kwamba hakuna hatari. Ni uchafu wa maabara. Si ndivyo?"

"Nimesaini."

"Basi?"

"Basi nimesaini uongo, Mzee, ule ulioniandikia. Mwanao ana mimba. Zebaki ikiingia kwa mama inamfuata mtoto tumboni, kwenye ubongo, na haiishi kwa kukaangwa. Wa tatu alikuwa na arobaini na moja. Huyu hata sijampima."

Mkurugenzi akatoa ishara kwa walinzi. Wawili wakaanza kupanda jukwaani. Mama Maini akawatazama, akatazama saa ya ukutani, kisha akageuka kwa watu wote wa ukumbini na kuongea kwa sauti ya mtu anayeita basi lililoondoka:

"Nani ana namba ya simu ya nyumbani kwa Mkurugenzi? Binti yake anapika ini la pomboo!"

Viti vya kuzunguka vikaacha kuzunguka.

Mlinzi mmoja alikuwa ameshamshika kiwiko. Hapo ndipo Mkurugenzi alipoona vidole vya yule mama. Kwa miaka mingi alikuwa ameviona vikikata vipande vyembamba kama karatasi bila kutikisika, na sasa vilikuwa vinatetemeka kama majani. Akatoa simu.

Ikaita mpaka ikakatika.

Akapiga tena, kiganja kikiwa kimeshasahau maikrofoni. Ikaita. Ikaita.

"Baba, subiri, nina mafuta jikoni."

"Usile!"

"Nini?"

"Usile hilo ini! Umeonja?"

"Nilikuwa nimeinua kijiko nionje chumvi, ukapiga."

"Weka chini! Tupa! Hapana, usitupe, paka atakula! Lina zebaki, mwanangu, lina sumu, wote wana sumu, na samaki wa mtoni pia, mwambie mama yako asinunue tena samaki wa pale, mara ngapi nimemwambia!"

Aliyasema hayo mbele ya waandishi thelathini na mmoja na watu wa kiwanda wanne. Maikrofoni iliyasema pia, mpaka nje kwenye maegesho. Mkurugenzi alipoinua kichwa, kila kalamu ilikuwa inakimbia.

Binti hakula. Jioni ile dereva alirudi na sufuria nzima, ini likiwa na vitunguu juu, na Mama Maini akampima pomboo wa nne, vitunguu akivitenga. Wiki hiyo hiyo bango la kukataza uvuvi liliwekwa mdomoni mwa mto, kiwanda kikafungwa kwa ukaguzi, na wavuvi, ambao hakuna aliyewauliza chochote, walimnunia Mama Maini kwa miezi miwili. Mkurugenzi alihamishwa akafanye kazi maalumu, ambayo mpaka leo hakuna anayeijua. Mama Maini alipata barua ya onyo kwa kutia sahihi taarifa ya uongo, na akasema barua hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ya kweli kutoka ofisi ile.

Kisha chama cha watunza pwani kikamwita kumpa cheti. Kulikuwa na hotuba. Mwenyekiti akasema historia itamkumbuka, kizazi ambacho hakijazaliwa kinamshukuru, pomboo wenyewe wangekuwa na mikono wangepiga makofi. Akamgeukia, sauti imejaa machozi.

"Mama yetu, tuambie. Dakika ile ulipopanda jukwaani kuikabili mamlaka peke yako, moyoni mwako uliwaza nini?"

Mama Maini akafikiri.

"Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki," akasema. "Niliwaza nisianguke."