Kirusi Kisicho na Dawa na Mkwe Asiyeniogopa

Mimi sikusoma. Nilifika darasa la tatu, nikaona walimu wanarudia yale yale, nikawaachia shule yao. Waliosoma wakamaliza wako wengi hapa Izigo, na wengi wao huja kwangu kuomba miche ya migomba. Nyumba yangu ni ya tofali za kuchoma, bati la rangi, na kibanja changu cha kahawa na ndizi kinashuka mpaka kijitoni. Vyote nilivitoa ziwani, kule Goziba, kisiwa ambacho hufiki ila kwa mtumbwi, na ukifika unajuta mpaka upate samaki wa kwanza.

Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba daktari kijana, aliyezaliwa mimi nikiwa tayari na nyavu zangu mwenyewe, hakuwa na la kunifundisha. Alijaribu lakini.

Enzi zangu kisiwani hapakuwa na zahanati. Palikuwa na mimi, na kopo langu la vidonge vya rangi mbili, vile ambavyo ukivifungua unakuta unga ndani. Mvuvi akiumwa tumbo, rangi mbili. Jino, rangi mbili. Akirudi na ugonjwa wa aibu, rangi mbili mara mbili. Hakuna aliyefia mikononi mwangu. Waliozidiwa walipandishwa mtumbwi wakafia kwingine, kwa hiyo hesabu yangu ilibaki safi.

Sasa, mwaka juzi, mvua za Novemba, zile zinazoleta senene na mafua kwa pamoja, mjukuu wangu akaanza kukohoa. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Baba yake, mwanangu wa mwisho, alikuwa Goziba anavua, simu haishiki siku tatu kati ya nne. Mama yake, mkwe wangu, binti wa Ijuganyondo, alikuwa akikaa kwangu na mtoto. Mke wangu alishatangulia mbele za haki. Basi mwenye kauli pale nyumbani alikuwa mmoja, na kila mtu alimjua.

Sikuhitaji vipimo. Nilimsikiliza mtoto mara moja nikasema: kimio. Mtu yeyote mwenye akili anajua kwamba kile kinyama kinachoning'inia kooni kikirefuka kinamkwaruza mtoto, naye anakohoa, na dawa yake ni kukikata. Mimi nilikatwa, na niko hapa. Ndugu zangu wote walikatwa. Mmoja alivuja damu siku mbili akafa, lakini hakukohoa tena, hilo lazima tulikubali.

Mkataji namfahamu tangu kisiwani. Ni rafiki yangu, mzee wa heshima, ana kisu chake maalumu cha kupinda. Bahati mbaya alikuwa Muleba mazikoni. Nikasema tumsubiri, na wakati tunasubiri nikafungua kidonge cha rangi mbili, nikamwaga nusu ya unga kwenye uji wa mtoto. Mkwe wangu aliniangalia mikono tu. Kwetu mkwe mwenye malezi hamtazami baba mkwe usoni. Anapiga goti, anasalimu "Kasinge waitu," anatoa chakula, anaondoka. Huyu alikuwa hodari kwa hayo yote. Sijawahi kusikia sauti yake ikivuka mlango.

Siku ya tatu asubuhi niliamka nikakuta uji wangu kwenye chupa ya chai, kikombe kimefunikwa na kisahani, na mkwe hayupo. Mtoto hayupo. Jirani akaniambia kwa furaha, maana jirani hupeleka habari mbaya kwa furaha:

"Amepanda pikipiki alfajiri, mzee. Kaelekea Bukoba. Mtoto alikuwa anapumua kama mvukuto."

"Aliniaga?"

"Wewe ndiye unajua, mzee."

Nilivaa koti, nikavaa kofia, nikamfuata. Huwezi kwenda kumgombeza mtu hospitali bila koti.

Niliwakuta wodi ya watoto, hospitali ya misheni. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, maneno mazito, mengine ya Kihaya kwa sababu Kiswahili hakina uzito huo. Nilipofika kitandani nikavua kofia. Mtoto alikuwa kifua wazi. Kila akivuta pumzi, ngozi ilizama katikati ya mbavu mpaka ungeweza kuweka kidole, na ndani mlikuwa na mlio wa filimbi iliyoingia maji. Puani alikuwa na mpira mwembamba wa oksijeni. Kidoleni walimbana kibanio chenye taa nyekundu, na waya wake ukaenda kwenye kisanduku chenye namba. Nesi aliniambia ile namba ikishuka chini ya tisini ni hatari. Ilikuwa themanini na saba. Darasa la tatu linatosha kwa hesabu hiyo.

Daktari akaja. Kijana, viatu vya raba, kalamu tatu mfukoni kana kwamba mbili zinaweza kufa.

"Kuna dawa yoyote alipewa nyumbani?"

Mkwe akatazama sakafu. Nikaona anataka kunificha, na mimi sifichwi na mtu.

"Nilimpa mimi. Rangi mbili, nusu."

"Ya lini, mzee?"

"Ya kopo."

Akaandika. Sijui aliandika nini kwa jibu hilo, lakini aliandika kirefu. Kisha akauliza kazi yangu, nikamwambia mvuvi, akasema, "Basi nitakueleza kivuvi. Rangi mbili inaua bakteria. Nadhani huyu ana kirusi. Ulikuwa unavua dagaa kwa ndoano."

Wodi nzima ikacheka, hata mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa hoi. Nikamwambia aliyemfundisha uvuvi alimwibia. Lakini moyoni niliona dagaa wanapita pembeni ya ndoano, na sikupenda.

Akaja nesi mwingine, wa utafiti. Walikuwa wanakusanya makamasi ya watoto wa Kagera. Wazungu walikuja kwa kahawa yetu, hawa wamegundua tuna mali nyingine. Akaingiza kijiti cha pamba puani mwa mtoto mpaka nikadhani kitatokea kisogoni, akakitia kwenye kichupa, akakiandika namba. Majibu, akasema, baada ya siku chache.

Siku tatu nikawa mtu wa benchi. Nalala kwa wazazi wa mkwe, Ijuganyondo, hapo hapo Bukoba, asubuhi nakuja na ndizi za kuchemsha ambazo mkwe hali. Ile namba ikipanda tisini na moja, ikishuka themanini na tisa. Niliwahi kungoja samaki wiki nzima bila kulalamika, lakini samaki hawana sura ya mama yako mzazi kama alivyokuwa nayo yule mtoto.

Siku ya nne daktari akaniita dirishani na karatasi.

"Tumempata, mzee. Anaitwa bokavirusi."

"Ni wa wapi?"

"Yupo dunia nzima. Sayansi imemjua miaka ya karibuni tu. Anapenda watoto wa umri huu huu, miezi sita mpaka miaka miwili. Mafua, kikohozi, homa, kifua kubana."

Nikafurahi, nasema kweli. Adui mwenye jina ni nusu ya ushindi. Ingawa nilifanya hesabu nikaona bati la nyumba yangu lina umri mkubwa kuliko jina la huyo adui.

"Kwa hiyo ndiye anayemuua mjukuu wangu?"

Hapo daktari akajikuna shingo. Nimeishi na matajiri wa samaki, najua mtu akijikuna shingo bei inabadilika.

"Hatuwezi kuapa. Huyu mara nyingi anakutwa pamoja na virusi wengine. Na akishaingia puani anaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, mtoto akiwa mzima. Tumewapima hata watoto waliokuja chanjo tu, wanacheza, nao baadhi wanaye."

"Kwa hiyo mmemkuta eneo la wizi, lakini hamjui kama ndiye aliyevunja mlango."

"Vizuri kabisa, mzee. Wakati mwingine ni mwizi, tena peke yake. Wakati mwingine amefuatana na wezi. Na wakati mwingine aliiba mwezi uliopita, sasa amekaa tu."

"Mgambo wa kata yetu angewaonea aibu. Yeye hukamata mtu yeyote, lakini angalau anaapa."

"Kwa huyu mtoto hatukuona mwingine. Mimi nadhani ndiye."

"Unadhani. Na dawa yake?"

"Hana dawa. Tunampa oksijeni, maji, tunashusha homa, tunangoja mwili wake ushinde."

Yaani mtu amesoma miaka kumi na minane, ana mashine, ana umeme na jenereta la akiba, halafu anafikia pale pale nilipofikia mimi Goziba bila daftari: ngoja. Nikamwambia asante. Nikatoka nje nikampigia simu rafiki yangu mkataji. Nikamwambia aje na kisu. Kama wasomi wameshindwa, mtoto nitamtoa.

Alifika kesho yake saa nne, naye amevaa koti. Tukaingia wodini wazee wawili kama washenga. Mkwe alikuwa kitandani, mtoto amelala kifuani kwake. Rafiki yangu akainama, akamfungua mtoto mdomo kwa kidole, akachungulia kooni. Akatazama mbavu. Akatazama ile namba, ambayo sina hakika kama aliijua. Akasimama akanivuta koti mpaka mlangoni.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini? Kimio si unakiona?"

"Kimio nimekiona. Kila mtu anacho. Huyu nikimgusa anakatika pumzi hapa hapa."

"Umekata mamia, wewe!"

Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Wa watu. Wajukuu zangu mimi wakibanwa kifua nawaleta hapa hapa. Yule nesi mnene ananijua."

Na kweli, yule nesi mnene akapita akamsalimu: "Shikamoo babu! Leo umemleta nani?"

Sikuwahi kuona mtu anayeuza samaki asiowala yeye mwenyewe. Nikamwambia maneno ambayo hayaandikiki, akayapokea, akaondoka na kisu chake. Mimi hasira ikabaki haina pa kwenda, ikaenda kwa mkwe. Nikarudi kitandani nikasema kwa sauti ya mwenye nyumba:

"Fungasha. Hapa hawana dawa, wamesema wenyewe. Tunarudi Izigo."

Akina mama wa kitanda cha pili wakaacha kunyonyesha. Mkwe wangu akainua uso, akanitazama machoni. Miaka minne yuko kwangu, nikajua siku hiyo kwamba macho yake ni ya kahawia.

"Tata," akasema, akiniita baba kwa Kihaya chetu, "mtoto huyu hatoki."

"Unasemaje?"

"Hatoki. Dawa hawana, lakini hewa wanayo. Wewe hewa unayo, Tata? Ukiwa nayo kwenye kopo, nitafungasha."

Mama mmoja akashangaa taratibu, "Mae." Mwingine akakohoa ili asicheke.

Kwa mila yetu ningeweza kumrudisha kwao siku ile ile, na kwao palikuwa karibu, ningeokoa hata nauli. Nikatazama ile namba. Ilikuwa themanini na nane, na mpira uko puani. Nikafikiria barabara ya Izigo, pikipiki, mvua, na mtoto bila mpira. Ndugu yangu yule wa damu ya siku mbili alikuwa na umri huo huo. Mama alimfunga mgongoni akawa anatembea naye kibanjani, akimwimbia, hata baada ya kwisha.

Nikakohoa kidogo, nikavuta koti, nikatangaza kwa wodi nzima: "Basi. Nimeruhusu mtoto abaki."

"Asante, Tata," akasema mkwe, macho yamesharudi sakafuni. Adabu ni kitu kizuri.

Siku ya sita daktari akasema watajaribu kumtoa mpira kwa muda wa saa moja. Namba ikibaki juu ya tisini, vizuri. Ikishuka, wanarudisha. Mkwe alikuwa hajaoga tangu juzi na miguu imemvimba. Akanyanyuka, akaniwekea mtoto mikononi kabla sijakubali.

"Mshike wima, Tata, kifuani. Usimlaze. Usiketi, ukiketi anajikunja."

Watoto wangu saba sikuwahi kumbeba mmoja kwa saa nzima. Nilikuwa na kazi. Nesi akautoa ule mpira. Mtoto akalia, akakohoa, akanipigia chafya usoni, bokavirusi wote wa wilaya mbili wakaingia kwenye ndevu zangu. Nikasimama katikati ya wodi na koti langu, nikitazama kisanduku. Tisini na mbili. Tisini na moja. Tisini. Tisini. Hapo nilisahau kupumua mimi. Tisini na moja. Shavu lake liko shingoni kwangu, nasikia ile filimbi ndani, imepungua, inakuja na kwenda.

Mkwe alirudi ameoga, akasimama kando, akaangalia namba: tisini na tatu. Mkono wangu wa kushoto ulishakufa ganzi zamani.

"Naweza kuketi sasa?" nikamuuliza.

"Bado, Tata."

Nikaendelea kusimama.